Mgonjwa na Watu Wake: Kombe, Ngoma na Kliniki Kigoma

Ujiji, kijana akianza kusema na asiowaona, au akikesha siku nne mfululizo, aghalabu huitwa shehe kabla ya daktari. Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, huoshwa kwa maji, kisha mgonjwa hunywa kombe. Mama ameshika bakuli, kaka amemshika bega, jirani anaitikia dua. Katika vijiji vya Waha, ibada ya zamani ya pepo iitwayo kubandwa, inayojulikana pia Burundi na Rwanda, nayo ilikusanya watu kumzunguka mmoja. Mganga huwauliza wote: mmegombana na nani, msiba gani haujaisha.

Kliniki huita jina moja. Anaingia mmoja, anatoka na vidonge, na ndugu aliyemleta amebaki kwenye benchi.

Sisemi uganga unatosha. Wapo waliofungwa minyororo wakingoja pepo liwatoke, wakati sindano ya kila mwezi ingewarudishia usingizi na kazi. Lakini hospitali zetu zilianza kwa kumtenga mgonjwa na kwao. Hospitali ya akili ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927. Wa Kigoma aliyepelekwa huko alipanda treni, akaipita Tabora, akawaacha waliojua alivyokuwa kabla hajaugua. Nigeria walikuja kufanya vingine. Mwaka 1954, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwapangishia wagonjwa wa hospitali ya Aro, Abeokuta, nyumba za vijijini jirani, kila mmoja na ndugu wa kumpikia na kumsindikiza, na waganga wa jadi akawashirikisha. Kwangu mimi, Lambo alichukua kilicho bora pande zote mbili.

Kwa hiyo ukienda hospitali ya Maweni au kituo chochote, ingia na ndugu anayelala nyumba moja nawe. Yeye ndiye aliyeona usingizi ulipokatika. Beba kadi na dawa zote, na mizizi unayochemsha pia. Mhudumu hawezi kujua kilichochanganyika na vidonge asipoambiwa. Shingo ikikakamaa au ulimi ukiwa mzito baada ya sindano, rudi mapema: hayo yana dawa, na wengi huacha matibabu kwa sababu hiyo tu. Ramadhani ikikaribia, omba upangiwe upya saa za kumeza kabla mwezi haujaandama. Usijikatie dawa mwenyewe.

Wavuvi wa dagaa wana jambo lao. Usiku wa giza hukesha na taa ziwani, na mbalamwezi ikitoka hupumzika. Kwa mwenye ugonjwa wa akili unaopanda na kushuka, mikesha hiyo yaweza kuuamsha. Na dawa inayoleta usingizi ni hatari ukiwa umekaa ukingoni mwa mtumbwi. Mwambie daktari kazi yako, na ukienda dago, yaani kambi ya wavuvi, chukua dawa za kutosha.

Kifafa nacho hutibiwa kliniki hiyohiyo. Dawa yake ikikatwa ghafla, degedege laweza kuja moja juu ya jingine, na majini hakuna wa kukimbilia. Ni heri mgonjwa apate kazi ya nchi kavu, kuanika na kufungasha. Popote atakapokuwa, wenzake waambiwe: akianguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, na mate yake yasiogopwe, kwa maana kifafa hakiambukizi.