Sahani Inasema Nini? Adabu ya Kula, Mwili na Utu katika Historia ya Bujumbura

Katika toleo hili tunapenda kuanza na jambo dogo linalotokea kila mwaka katika madarasa yetu ya wanaoanza. Mwalimu anafundisha hali timilifu ya kitenzi. Anaandika ubaoni: "Mzee amekula." Mara wanafunzi wawili watatu wanatazamana na kutabasamu. Sentensi haina kosa lolote la sarufi. Lakini masikioni mwa Mrundi aliyelelewa vizuri, imekosa adabu.

Kirundi kina kitenzi kurya, ambacho ni ndugu wa kula. Hata hivyo, mtu mwenye adabu hamwambii mkubwa wake kwamba "amerya". Husema gufungura, na chakula chenyewe huitwa imfungurwa. Mwalimu makini hatapita hapo bila kusimama, kwa sababu Kiswahili nacho kina kufungua: tunacho kifunguakinywa asubuhi, na mwezi wa Ramadhani tunafungua saumu jioni. Katika Kiswahili kufungua ni kuanza tena kula baada ya kujizuia. Katika Kirundi ndilo jina la heshima la kula kwenyewe.

Kutokana na tabasamu hilo la wanafunzi tunauliza swali la kale: je, namna mtu anavyokula, na mwili alio nao, hufunua yaliyo moyoni mwake? Wahenga wa lugha zote mbili waliamini hivyo. Sisi tunaona kwamba walikuwa sahihi kwa nusu. Nusu ya pili imetugharimu sana, na ndiyo maana tumeona vyema kuijadili.

Kula ndani, kunywa hadharani

Katika Burundi ya zamani, mtu wa heshima hakula mbele ya wageni. Chakula kililiwa ndani, miongoni mwa watu wa nyumba moja, na mgeni akibisha hodi mlo ulisitishwa. Mtu wa cheo aliyekuwa safarini alivumilia njaa kuliko kuonekana akitafuna njiani. Msingi wa desturi hii ulikuwa kwamba njaa ni uhitaji, na mwenye kuonyesha uhitaji wake amejivua nguo mbele za watu. Aliyejizuia alionyesha kwamba moyo wake ndio unaotawala tumbo. Sifa hiyo ilikuwa sehemu ya ubupfasoni, yaani ungwana wa Kirundi.

Kunywa kulikuwa na kanuni nyingine. Pombe ya ndizi (urwarwa) na ya mtama (impeke) ilinywewa hadharani, wazee wakizunguka mtungi mmoja na kuvuta kwa mirija. Ndoa ilifungwa kwa pombe, na ugomvi ulimalizwa kwa pombe. Hata mtu alipotawazwa kuwa miongoni mwa abashingantahe, wale wazee waamuzi, alipaswa kuwaandalia watu vinywaji. Hapo ndipo alipotazamwa. Mushingantahe alitakiwa kuwa mtu wa ukweli na mwenye kujimiliki, na mtu asiyeweza kujimiliki penye mtungi hangeaminiwa penye shauri la shamba la jirani yake.

Kilele cha fikra hizo kilikuwa Umuganuro, sherehe ya mtama iliyofanyika kila mwaka kuelekea msimu wa kupanda. Mwami alionja mtama, ngoma kuu ya ufalme, Karyenda, ikatolewa, na ndipo nchi ikapata ruhusa ya kupanda. Siku hiyo kula kwa mfalme hakukuwa jambo lake binafsi. Afya ya mwili wake ilikuwa afya ya ardhi na ya mifugo. Chini ya utawala wa Wabelgiji, na kwa upinzani wa wamisionari, sherehe hiyo ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa Mwami Mwambutsa wa Nne.

Sinia la Buyenzi

Wakati huohuo adabu nyingine ilikuwa imekwisha kufika ufukweni mwa ziwa. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ilifika Ujiji, na kutoka huko wafanyabiashara walipanda kaskazini kwa mitumbwi. Mmoja wao, Mohammed bin Khalfan aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kujipenyeza Burundi kwa nguvu, lakini Mwami Mwezi Gisabo na watu wake walimzuia. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mnamo 1897, walikuja na askari, wapagazi na makarani waliotumia Kiswahili. Wabelgiji walioutwaa mji mwaka 1916 waliikuta jamii ya Waswahili imekwisha kuota mizizi. Kizazi baada ya kizazi, jina la jamii hiyo likaambatana na mtaa wa Buyenzi, wenye barabara zinazohesabiwa kwa nambari.

Waswahili hao walikuja na sinia. Kwao, mlo mwema ni ule unaoliwa kwa pamoja juu ya mkeka, kwa mkono wa kulia, kila mmoja akila upande ulio mbele yake. Mwenye nyumba humsogezea mgeni pande zuri la nyama. Anayepita njiani huambiwa "Karibu!", naye hujibu "Ahsante, endeleeni," au huketi na kumega tonge moja ili asivunje heshima. Kwa kanuni hizi, anayefunga mlango wakati wa kula ndiye anayeshukiwa kwamba ana mkono wa birika.

Tazameni basi jinsi majirani wawili walivyoweza kutoelewana kwa nia njema kabisa. Mrundi aliyeshuka kutoka milimani alimwona Mswahili akila barazani, akadhani hana haya. Mswahili alimwona Mrundi akikataa tonge, akadhani ana kiburi. Kumbe wote wawili walikuwa wanafundisha jambo moja kwa njia mbili. Mmoja aliushinda ulafi kwa kuuficha mlo, na mwingine aliushinda kwa kuugawa. Mwezi wa Ramadhani njia hizo hukutana: Mswahili hujizuia mchana kutwa kama yule msafiri wa zamani, na magharibi ikiingia, anafungua. Jirani yake Mrundi hahitaji mkalimani kulielewa neno hilo.

Maneno yaliyotoka tumboni

Kwa mwalimu wa lugha, ushahidi bora umo katika msamiati. Mwenye kupenda kula kupita kiasi tunamwita mroho, na tabia yake ni uroho. Ndani ya neno hilo tunaisikia roho. Asiyetaka kugawa ana choyo, na ndani yake tunausikia moyo. Neno tabia lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambamo lina maana ya maumbile. Waganga wa Kiislamu, akiwemo Ibn Sina (980–1037), waliandika juu ya maumbile ya moto na ya baridi katika mwili na katika vyakula, na watu wa pwani bado wanasema kwamba tangawizi ni ya moto. Katika Kiswahili neno hilo limesogea kutoka mwilini hadi kwenye mwenendo: leo tabia njema ni heshima na upole.

Kirundi nacho kina inda, yaani tumbo, na inda nini, tumbo kubwa, ni jina la tamaa. Katika Kiswahili inda ni ile roho mbaya ya kumwonea mwenzako kijicho. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa asili moja, lakini mwanafunzi akiyaweka maneno haya mawili sambamba hatayasahau. Aidha, katika lugha zote mbili anayepokea rushwa "anakula": Kiswahili husema kula rushwa, na Kirundi husema kurya ibiturire. Hapo hakuna anayetafuta neno la heshima.

Hadi hapa tunakubaliana na wahenga. Namna ya kula ni kitendo, na kitendo hutoka moyoni. Anayemsubiri mwenzake, anayemwachia mtoto kipande cha mwisho, anayenyamaza juu ya njaa yake ili mgeni asione haya, huyo ametuonyesha utu wake.

Mwili uliposomwa vibaya

Matatizo yalianza watu walipotoka kwenye namna ya kula wakaenda kwenye mwili wenyewe, wakadhani kwamba nao ni kitabu cha tabia.

Wa kwanza tunaowakumbuka ni maofisa na waandishi wa kikoloni. Ripoti na vitabu vya nyakati za Wajerumani na Wabelgiji viliwapanga Warundi na Wanyarwanda kwa urefu, kwa umbo la pua na kwa chakula: huyu wa maziwa, yule wa maharage. Kisha kila umbo likapewa moyo wake: huyu kazaliwa kutawala na kujizuia, yule kazaliwa kulima na kutii. Desturi ya kujizuia, ambayo ilikuwa adabu ya kufundishwa, ikageuzwa kuwa damu ya kurithiwa. Hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji wa Burundi mahali usomaji huo ulipotufikisha mwaka 1972 na mwaka 1993.

Mfano wa pili ni tumbo la mtoto. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwafukuza watu mashambani mwao. Mwaka 1999 watu wapatao laki tatu wa Bujumbura Vijijini waliwekwa katika kambi za mkusanyiko, na ilipofika mwaka 2000 kambi hizo zilianza kufungwa. Mtu asipolima hali. Kwa mtoto asiyepata protini ya kutosha miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, na tumbo hujaa. Ugonjwa huo ni kwashakoo. Lugha yetu inasema kwamba tumbo kubwa ni tamaa, lakini tumbo hilo linasema njaa. Hata kimo kinadanganya: uchunguzi wa kitaifa wa 2016–2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ufupi huo hauhusiani na moyo wa mtoto. Unatueleza habari za sahani ya mama yake na za maji aliyokunywa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala hajui kumsoma.

Mfano wa tatu ni wa ukimwi. Tangu miaka ya 1980 mjini Bujumbura, kukonda kulikuwa hukumu. Aliyepungua mwili alinong'onwa, na minong'ono haikuishia kwenye ugonjwa bali ilikwenda hadi kwenye mwenendo: kakonda, kwa hiyo alikuwa mwasherati. Katikati ya miaka ya 1990 Jeanne Gapiya-Niyonzima, ambaye ukimwi ulikuwa umemnyang'anya mtoto na mume, alikuwa kanisani mjini humu. Mhubiri akawataka waumini wawahurumie wagonjwa ingawa wametenda dhambi. Mama huyo alisimama mbele ya watu wote akasema kwamba yeye ana virusi, na kwamba alikuwa mke mwaminifu. Kwa Mrundi aliyefundishwa tangu utotoni kuuficha hata mlo wake, kusimama namna hiyo lilikuwa jambo zito. Chama cha ANSS, alichoshiriki kukianzisha mwaka 1993, kimewahudumia maelfu ya watu wanaoishi na virusi. Alichokisema siku ile ndicho tunachojaribu kukieleza katika makala haya yote: ugonjwa unaweza kuujua mwili wa mtu bila kujua lolote juu ya moyo wake.

Hitimisho: tufundishe nini?

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu hapo wanafunzi wa Kiswahili wameongezeka mashuleni. Wengi wao watakula pamoja na watu wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Kwa hiyo somo la chakula lisiishie kwenye orodha ya wali, maharage, ndagala na mukeke. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tufundishe adabu pamoja na sarufi. Mwanafunzi ajue kwamba "Karibu tule" si udhalilishaji, na kwamba kulijibu kwa ukimya huonekana kiburi. Vilevile Mswahili anayejifunza Kirundi ajue kwa nini mwenyeji wake anatumia gufungura.

Pili, tufundishe msamiati wa uroho, choyo na ukarimu kama msamiati wa vitendo. Mtu huitwa mroho kwa alichofanya mezani, si kwa ukubwa wa kiuno chake.

Tatu, na hili ndilo gumu, tuwe waangalifu na salamu zetu wenyewe. Kiswahili kinaturuhusu kumwambia mtu "Umenawiri!" kama sifa, na "Mbona umekonda?" kama huruma. Nia ni njema. Lakini katika mji uliopita tuliyoyapitia, swali la pili linaweza kumfikia mwenzetu kama mashtaka. Tungependa wanafunzi wetu wajifunze badala yake swali la zamani na la upole zaidi: "Habari za siku nyingi?" Baada ya hapo wanyamaze, wamsogezee mwenzao sahani, na wamwache afungue mwenyewe, kinywa na moyo.

Wasomaji wenye methali au misemo ya Kirundi inayohusu kula na kujizuia wanakaribishwa kutuletea idarani, tuiweke sambamba na ile ya Kiswahili katika toleo lijalo.