Malale katika ziwa letu: kuponea ugonjwa, halafu kuponea dawa

Wandugu, ukisimama bandarini Kalundu usiku, taa za Bujumbura unaziona ng'ambo ya maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 ng'ambo ile alitawala Mjerumani, na mji uliitwa Usumbura. Huku kwetu Uvira ilikuwa Kongo ya mfalme Leopold, halafu kuanzia 1908 ya Wabelgiji. Mpaka ulikuwa wa wazungu; mitumbwi ilivuka tu. Na pamoja na watu na bidhaa, kikavuka kitu kingine: malale, ugonjwa wa usingizi.

Naandika kwa sababu ya neno moja tunalolipenda sisi wasomi: "Wazee wetu waliogopa sindano kwa ujinga." Hebu tuangalie historia kwanza.

Malale inaletwa na kimelea kidogo sana, tripanosoma, anayebebwa na mbung'o. Aina ya kwetu inakwenda polepole. Miezi, hata miaka, ni homa za kuja na kuondoka, kichwa kuuma na tezi za shingo kuvimba. Baadaye kimelea anaingia kwenye ubongo. Hapo mtu analala mchana, usiku anakesha, tabia inageuka, anasema maneno yasiyoeleweka. Ndiyo maana familia nyingi zilidhani ni kulogwa. Asipotibiwa, karibu kila mara anakufa.

Mwaka 1902 daktari Mwingereza Joseph Dutton alimpa kimelea huyo jina. Baadaye alikuja Kongo kuufuatilia ugonjwa, akafia Kasongo, Maniema, Februari 1905, kwa homa nyingine inayoletwa na kupe. Wakati huo Uganda ilikuwa inazika: inakadiriwa watu 250,000 walikufa katika mlipuko ule.

Mwaka 1906 Robert Koch, daktari maarufu wa Ujerumani, alifika visiwa vya Sese katika ziwa Victoria na dawa iitwayo atoksili. Ndani yake kulikuwa na arseniki, ndiyo, ile ile sumu. Wagonjwa walionekana kupata nafuu, foleni zikawa ndefu. Koch akaongeza kipimo. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka moja kwa moja, na wengi waliodhaniwa wamepona ugonjwa ukawarudia.

Baada ya hapo mwenzake, Friedrich Kleine, aliongoza kampeni ya Wajerumani hadi Tanganyika yetu. Kambi zikafunguliwa kwenye pwani ya Imbo, vichaka vya ufukweni vikafyekwa, watu wakapapaswa shingo kutafuta tezi. Upande wa Wabelgiji kulikuwa na lazareti za kuwatenga wagonjwa, na kuanzia 1910 sheria za kudhibiti safari za watu. Sasa jiulize: wewe ni mvuvi, askari anakuja na daktari, anakushika shingo, na habari ya waliopofuka umeisikia. Ungekaa kumsubiri?

Dawa ziliendelea kutafutwa. Mwaka 1920 daktari Mmarekani Louise Pearce alijaribu triparsamidi mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Iliweza kutibu hata ugonjwa uliofika ubongoni, lakini nayo ilikuwa ya arseniki na iliweza kuharibu macho. Mwaka 1949 ikaja melarsoprol, arseniki tena. Wagonjwa walisema inachoma kama moto mshipani. Iliokoa wengi, ila karibu mgonjwa mmoja kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. Kupona malale kulimaanisha kuponea mara mbili.

Kufikia uhuru, 1960, wagonjwa wapya nchini walikuwa wameshuka hadi karibu 1,000 kwa mwaka. Timu za kupima zilipodhoofika na vita vikaja, malale ikarudi: mwaka 1998 Kongo iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000.

Halafu mambo yakabadilika. Kuanzia 2009 ulitumika mchanganyiko wa eflonitini na nifutimoksi: salama zaidi, lakini dripu 14 kwa siku saba, si mchezo kwa kituo cha kijijini. Mwaka 2018 kikakubaliwa kidonge, feksinidazoli, kinachomezwa na chakula kwa siku kumi. Majaribio yake makubwa yalifanyika hapa Kongo, yakiongozwa na daktari wetu Victor Kande. Mgonjwa aliyezidiwa sana bado anahitaji kutobolewa mgongo na kuwekewa dripu, lakini wengi hawapitii tena njia ile. Tangu 2018 dunia nzima inaripoti wagonjwa chini ya 1,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo, wandugu, wazee waliokimbia hawakuwa wajinga. Walikuwa wamepiga hesabu kwa habari walizokuwa nazo, na habari zile zilikuwa za kweli. Kilichobadilika ni dawa, na namna ya kuileta.

Kesho timu ya chanjo ikija Kavimvira au Mulongwe na mama mmoja akafunga mlango, usianze kumcheka. Muulize alisikia nini, kwa nani, na nani aliumia. Halafu mweleze unachokijua, polepole.

Na wewe, nyumbani kwenu wazee wamewahi kusimulia habari za malale? Kama bado wapo, waulize mapema.