Nani alinde lango? Ubishi wa mashabiki wa Kakamega

MASHABIKI wa kandanda mjini Kakamega si watu wa kumngoja kocha atangaze kikosi. Kocha anapofungua kinywa, wao huwa wamekwisha kukipanga chao, na nafasi mbili ndizo huzua ubishi mkali zaidi: kipa na mshambulizi wa kati.

Sababu si ngumu kuiona. Beki akiteleza, yupo mwenziwe wa kumfichia aibu. Kipa akiteleza, mpira uko wavuni na bao limeandikwa.

Asili ya ubishi huu ni AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa mwaka wa 1964 ikibeba jina la Abaluhya, kisha ikapewa jina lake la sasa mwaka wa 1980, serikali ilipoagiza klabu ziache majina ya kikabila. Ingwe, kama wapenzi wake waiitavyo, ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Mlinda lango aliyevuma enzi hizo ni Mahmoud Abbas, mwana wa Pwani aliyebandikwa lakabu ya "Kenya One". Wanaodai kwamba jezi ya timu ya nyumbani ivaliwe na mtoto wa nyumbani pekee wangefaa kumkumbuka.

Hata hivyo, Kakamega ilikuja kupata kipa wake yenyewe. Patrick Matasi, mzaliwa wa huko, alikuwa langoni mwa Harambee Stars katika Kombe la Chalenji la CECAFA la Desemba 2017, ambapo Kenya ilifungua dimba uwanjani Bukhungu kwa kuilaza Rwanda 2-0. Fainali ilipigwa Machakos dhidi ya Zanzibar. Baada ya sare ya 2-2, Matasi alipangua mikwaju ya penalti na Kenya ikatawazwa.

Mwaka wa 2019 ubishi ulipamba moto. Kocha Mfaransa Sébastien Migné alikwenda Misri kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa na makipa watatu: Matasi, Farouk Shikalo na John Oyemba. Shikalo alikuwa ametoka kuisaidia Bandari ya Mombasa kumaliza ya pili ligini, na waliotaka apewe nafasi hawakuwa wachache. Migné alimchezesha Matasi mechi zote tatu.

Uamuzi wa washambulizi ndio uliowakera wengi zaidi. Allan Wanga, ambaye msimu huo alikuwa miongoni mwa wafungaji hodari wa ligi akiichezea Kakamega Homeboyz, hakuwa katika kikosi. Wala Jesse Were, aliyekuwa akifunga mfululizo na Zesco United ya Zambia, hakuwamo. Walioitwa ni Michael Olunga, Masoud Juma na John Avire. Waliomtetea kocha walisema Wanga alikuwa ameshakula chumvi na kwamba mfumo wa Migné ulitegemea mshambulizi mmoja tu, ambaye bila shaka ni Olunga. Hoja hiyo ina uzito kwa Wanga. Kwa Were haitoshi, maana timu inayocheza na mshambulizi mmoja inamhitaji pia mtu wa kumpokea mambo yakikwama.

Na yalikwama. Kenya ilichapwa 2-0 na Algeria, ikailaza Tanzania 3-2 kwa mabao mawili ya Olunga na moja la Johanna Omolo, kisha ikakutana na Senegal. Matasi alipangua penalti ya Sadio Mané kipindi cha kwanza na timu zikaenda mapumzikoni bila bao. Kipindi cha pili Senegal walifunga matatu, mawili yakiwa ya Mané mwenyewe. Kenya ilimaliza ya tatu kundini ikiwa na pointi tatu na upungufu wa mabao manne. Afrika Kusini, nayo ikiwa na pointi tatu lakini upungufu wa bao moja tu, ilisonga mbele.

Kwa hiyo waliomlaumu kipa na waliomlaumu kocha kwa kuwaacha wafungaji walikuwa wakigombania hesabu moja: kila bao linalofungwa au kuzuiwa huwekwa kwenye mizani.

Miaka mitatu baadaye hesabu hiyo iliwafikia Kakamega wenyewe. Katika msimu wa 2021/22 Homeboyz waliongoza ligi kwa muda mrefu, wakamaliza wakiwa na pointi sawa na Tusker. Taji lilikwenda Ruaraka kwa tofauti ya mabao. Homeboyz walijipoza mwaka wa 2023 kwa kutwaa Kombe la FKF, lililowapa tiketi ya Kombe la Mashirikisho Afrika, ila ubingwa wa ligi ulioponyoka 2022 bado unahesabiwa Kakamega, bao kwa bao.