Kuvua kapu kwa ndoana: jinsi ya kuchagua mshipi wa nailoni usiokuangusha

Kuna kilio tunachokisikia mara kwa mara kutoka kwa wanaovua kwa ndoana: samaki mkubwa alishika, akavuta, halafu mshipi ukakatika. Wengi hudhani dawa yake ni kununua mshipi wenye namba kubwa zaidi. Mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingi siyo. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuchagua mshipi wa nailoni kwa ajili ya samaki anayeitwa kapu, na jinsi ya kuupima nyumbani kabla haujakutia hasara.

Kapu ni samaki wa aina gani?

Hatuzungumzii kapu la sokoni. Huyu ni samaki wa maji baridi mwenye magamba makubwa na vindevu vifupi pembeni mwa mdomo. Asili yake ni Ulaya na Asia, lakini hapa Kenya amekuwa mwenyeji. Katika Ziwa Naivasha alianza kuonekana kwenye mavuno ya wavuvi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo ni miongoni mwa samaki wakuu wa ziwa hilo. Yupo pia katika mabwawa ya umeme ya Mto Tana, kama Masinga na Kamburu.

Kapu hula chini, kwenye tope. Hufyonza chakula, akakionja, na asichokipenda akakitema. Ndiyo maana chambo cha ugali mgumu au punje za mahindi humfaa. Akishashikwa, hakati mshipi kwa meno, maana meno yake yako ndani kooni. Nguvu yake iko kwenye mbio ndefu za kuelekea kwenye matete, mawe au visiki. Zaidi ya hayo, mwiba mgumu wa pezi lake la mgongoni una menomeno kama msumeno. Mshipi uliokazwa ukipita hapo, hukwaruzika.

Kwa hiyo mshipi wa kapu una kazi tatu: kustahimili mvuto, kustahimili msuguano, na kupunguza mshtuko anapokurupuka.

Kwa nini nailoni?

Nailoni iligunduliwa Marekani mwaka wa 1935 katika maabara za kampuni ya DuPont. Mshipi tunaouzungumzia ni uzi mmoja mzima wa nailoni, haukusokotwa. Sifa yake kubwa ni kwamba hurefuka kabla ya kukatika, kama mpira mgumu. Samaki anapokurupuka ghafla, urefukaji huo humeza mshtuko.

Sifa hii ina maana zaidi kwa anayevua kwa ufito usio na rili, au kwa mkono mtupu. Mwenye rili ana breki inayoachia uzi samaki anapovuta kwa nguvu. Asiye na rili hana cha kuachia isipokuwa ufito unaopinda na mshipi unaorefuka. Mshipi wa kusokotwa, ambao haurefuki karibu hata kidogo, ni mwembamba na una nguvu, lakini bila breki hupasua mdomo wa samaki au kunyoosha ndoana. Pia ni ghali zaidi, na hukatika upesi ukisugua mawe.

Jinsi ya kusoma lebo

Kwenye roli utakuta namba mbili muhimu. Ya kwanza ni unene, kwa milimita. Ya pili ni uzito ambao mshipi unaweza kuhimili, kwa kilo au kwa ratili, ambazo huandikwa lb. Ratili moja ni karibu gramu 454. Kwa hiyo:

- Ratili 10 ni kama kilo 4.5.
- Ratili 12 ni kama kilo 5.4.
- Ratili 15 ni kama kilo 6.8.
- Ratili 20 ni kama kilo 9.

Usiangalie namba ya uzito peke yake. Ukikuta roli mbili zimeandikwa ratili 15, moja nyembamba na nyingine nene, ile nyembamba si lazima iwe bora. Penye mawe na visiki unene ndio ngao, kwa sababu mkwaruzo mdogo hula sehemu kubwa ya uzi mwembamba. Na roli iliyoandikwa uzito mkubwa mno kuliko wenzake wa unene huohuo, itilie shaka. Lebo haivuti samaki.

Mahali unapovua ndipo panapoamua

Maji ya wazi, chini pana tope tupu: mshipi wa ratili 10 hadi 12, unene wa milimita 0.28 hadi 0.32, unatosha kwa mwenye rili. Mshipi mwembamba hurushwa mbali zaidi.

Penye matete na magugu: panda hadi ratili 15, unene wa karibu milimita 0.35. Hapa huna nafasi ya kumwachia samaki akimbie.

Penye mawe na visiki, kama katika mabwawa yaliyofunika mabonde yaliyokuwa na miti: ratili 15 hadi 20, unene wa milimita 0.35 hadi 0.40. Chagua uzi mgumu kidogo, ulio laini ukiupitisha kati ya kucha mbili.

Kama unatumia ufito bila rili, chagua namba ya juu ya kundi lako, kwa sababu huna breki.

Na rangi je? Katika maji ya tope usiongeze hata shilingi moja kwa ajili ya rangi. Weka pesa hiyo kwenye uzi mpya.

Umri wa mshipi

Hapa ndipo wengi wanapopotezea samaki. Jua huidhoofisha nailoni. Roli lililoning'inia mbele ya duka mwezi baada ya mwezi linaweza kuwa limechoka hata kabla hujalinunua. Omba lililo ndani, kwenye kivuli. Vuta kama mita moja: ukikuta uzi umepauka, una vinundu, au umejikunja kama chemchemi na haunyooki ukiuvuta, uache. Nyumbani, uhifadhi penye giza na pakavu. Baada ya kila safari, pitisha vidole kwenye mita chache za mwisho. Ukihisi mkwaruzo, kata kipande hicho ufunge upya.

Upime kwa mtungi wa maji

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo mtungi wa lita 5 uliojaa ni kilo 5 na kidogo. Chukua mita moja ya mshipi, uloweshe kwa dakika chache, kwa sababu nailoni hunywa maji na kupungua nguvu kidogo. Ufunge kwenye mpini wa mtungi kwa fundo lilelile unalotumia kwenye ndoana. Upande wa pili uzungushie kijiti, usiuzungushe mkononi kamwe, maana utakukata. Inua polepole.

Mshipi wa ratili 12 unapaswa kuubeba mtungi huo. Ukikatika, angalia ulipokatikia. Ukikatikia kwenye fundo, tatizo huenda ni ufungaji wako. Ukikatikia katikati, uzi wenyewe ni dhaifu au umezeeka.

Fundo hushinda mshipi wowote. Kabla ya kulikaza, liloweshe kwa mate, kisha vuta taratibu. Fundo kavu likikazwa ghafla hupata joto la msuguano na uzi hudhoofika papo hapo.

Na usimwinue kapu kwa mshipi kutoka majini. Anapokuwa majini, maji humbeba. Ukimnyanyua, uzito wake wote unaangukia fundo lako. Tumia wavu wa mkono.

Kipande cha mwisho kiwe dhaifu

Kipande kifupi kinachoshika ndoana kiwe na nguvu pungufu kidogo kuliko mshipi mkuu. Kama mshipi ni ratili 15, kipande hicho kiwe 12. Ukinasa kwenye kisiki, kitakatika hapo, nawe utapoteza ndoana peke yake. Bila hivyo, mshipi unaweza kukatikia juu, ukaacha mita nyingi majini zikimfuata samaki aliyejeruhiwa.

Nailoni haiozi upesi. Mabaki yake hunasa miguu ya ndege, huua kasa, na huzunguka mapanga ya injini za boti. Yakusanye, yakate vipande vifupi, uende nayo nyumbani. Usiyatupe ufuoni.

Sheria na usalama

Sheria ya Kenya inakataza nyavu zilizofumwa kwa uzi huu wa nailoni usiosokotwa. Mshipi mmoja wenye ndoana ni jambo jingine, lakini bado uvuvi unahitaji kibali. Kabla ya kununua chochote, muulize afisa wa uvuvi wa kaunti yako au viongozi wa BMU ya ufuo wenu kuhusu leseni, mahali panaporuhusiwa na miezi ya kufunga uvuvi.

Na wenzetu wa Naivasha, mnajua kuliko sisi: viboko wameua wavuvi. Usisimame ndani ya maji kwenye matete alfajiri au jioni kwa sababu tu samaki wanashika vizuri saa hizo. Samaki akikimbilia kwenye matete na mshipi ukanasa, usimfuate. Kata uzi. Mshipi hununuliwa tena, mtu harudi.

Kwa ufupi: angalia mahali unapovua, kisha unene, kisha uzito, kisha umri wa uzi. Halafu jaza mtungi, upime. Ukishaupima kwa mikono yako, tusimulie hewani ulivyofanya. Huenda jirani yako anasikiliza, naye bado analia na mshipi uliokatika.