Siki Kwanza, Sukari Baadaye

Mwaka 1937, kule Union, Carolina Kusini, mzee Wesley Jones aliwasimulia watu waliokuwa wakikusanya kumbukumbu za watumwa wa zamani. Alikuwa na miaka 97. Alikumbuka karamu ambazo mbuzi na nguruwe wazima, kondoo na ubavu wa ng'ombe viliwekwa juu ya moto, naye akikesha macho. Kazi yake usiku kucha ilikuwa kupaka. Alizungushia kitambaa laini kwenye kijiti kirefu, akakichovya kwenye sosi, akaipaka nyama mpaka ikawa inatiririkia motoni.

Sosi yenyewe aliitaja kiungo kwa kiungo: siki, pilipili manga, pilipili nyekundu, chumvi, siagi, seji kidogo, giligilani, mrehani, kitunguu maji na kitunguu saumu. Kisha akaongeza kwamba wapo waliotia sukari kidogo. Nyanya hakuitaja kabisa.

Ukiijaribu jikoni utaona mzee alijua anachofanya. Pasha siki kwa moto mdogo pamoja na chumvi, pilipili na vitunguu vilivyopondwa, lakini usiinamie sufuria, maana mvuke wake unapanda moja kwa moja puani na machoni. Siagi itie mwishoni. Kinachopatikana ni chepesi kama chai, na mtu aliyezoea sosi ya dukani atadhani umekosea. Kipake juu ya nyama inayoiva polepole: siki inakata mafuta, siagi inazuia nyama isikauke, na unaweza kurudia kupaka kwa saa nyingi bila kitu kuungua. Sukari ingekuwa nyingi, ingegeuka masizi machungu kabla nyama ya ndani haijaiva. Sosi ya Jones ilikuwa ya motoni, si ya mezani.

Njia ya kwenda mezani inapita Kansas City. Henry Perry, Mmarekani mweusi aliyezaliwa karibu na Memphis na kufanya kazi katika majiko ya meli za mvuke, alifika huko mwaka 1907. Ulikuwa mji wa reli na machinjio makubwa. Nyama haikuwa tatizo. Alianza kuuza nyama ya moshi uchochoroni, baadaye akahamia kwenye banda la zamani la tramu katika mtaa wa watu weusi, akichoma kwa kuni za hickory na mwaloni, akiifunga kwenye gazeti kwa senti 25. Sosi yake ilikuwa na pilipili kali, na hakujali sana nani analalamika. (Mimi nampenda kwa hilo.)

Alipofariki mwaka 1940, biashara ilishikwa na mfanyakazi wake Charlie Bryant, kisha mwaka 1946 na Arthur, nduguye Charlie, aliyeipunguza makali sosi ya Perry. Mwaka huohuo familia ya Gates ilinunua mgahawa mwingine mjini humo, na jikoni walimkuta Arthur Pinkard, aliyewahi kumpikia Perry. Kwa hiyo majina mawili makubwa ya nyama choma ya mji ule, Bryant na Gates, yametoka kwenye moto mmoja.

Aliyeieneza madukani sosi tamu yenye jina la Kansas City hakuwa mpishi. Rich Davis, daktari wa akili za watoto, alitoa sosi yake nzito ya nyanya na molasi, KC Masterpiece, mwaka 1977, na mwaka 1986 akaiuza kwa kampuni kubwa. Ndiyo iliyowafanya wengi waamini kwamba sosi ya Kansas City lazima iwe tamu, jambo ambalo Perry angelishangaa.

Aina hiyo ina mahali pake, ila ipakwe dakika kumi za mwisho, moto ukiwa umepungua. Ukigeuza chupa nyingi za namna hiyo na kusoma viungo, utakuta sukari au sharubati ya mahindi imetangulia, na siki iko nyuma yake.