Saa ya Dola Moja: Historia na Utambuzi wa Saa Rahisi za Mfukoni za Marekani

Saa za mfukoni zilizotengenezwa Marekani kuanzia miaka ya 1850 hadi katikati ya karne ya 20 zina nafasi ya pekee katika historia ya upimaji wa wakati, kwa kuwa kwa njia yake chombo kilichokuwa alama ya utajiri kilimfikia mkulima, kibarua na mwanafunzi. Wakusanyaji wengi wa vitu vya kale huzikimbilia saa za dhahabu na zile za madereva wa treni, ilhali ushahidi wa mabadiliko hayo umo zaidi katika saa rahisi, ambazo hadi leo hupatikana kwa bei ndogo na ambazo, zikichunguzwa vizuri, hueleza zilikotoka na zilikusudiwa nani.

Kabla ya hapo, fundi saa alikikwangua kila kipande kwa mkono mpaka kikaoana na chenzake, hivyo kipuri cha saa moja hakikuweza kuingia katika nyingine bila kufanyiwa kazi upya. Mwaka 1850 Aaron Dennison, Edward Howard na David Davis walianzisha huko Roxbury, Massachusetts, kiwanda kilicholenga kutengeneza kwa mashine vipuri vinavyofanana kiasi cha kubadilishana. Kiwanda hicho kilihamia Waltham mwaka 1854, na ingawa kilifilisika na kuuzwa kwa mnada mwaka 1857, wamiliki wapya waliendelea na mpango uleule. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865, saa yake ya bei nafuu iliyoitwa William Ellery ilinunuliwa kwa wingi na askari wa upande wa Kaskazini. Mwaka 1864 ikaundwa kampuni ya Elgin katika jimbo la Illinois, ambayo saa yake ya kwanza, yenye namba 101, ilitoka mwaka 1867.

Hata hivyo, saa za Waltham na Elgin bado zilikuwa ghali kwa maskini. Pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 1880 na kampuni ya Waterbury Watch ya Connecticut, iliyouza kwa takriban dola 3.50 saa iliyobuniwa na Daniel Buck ikiwa na vipande 58 tu. Kamani yake, yaani utepe wa chuma unaohifadhi nguvu ya saa, ilikuwa na urefu wa karibu mita 2.7, kwa hiyo kuijaza kulihitaji subira kubwa, na mtambo wake wote ulizunguka ndani ya kasha mara moja kwa saa.

Hatua kubwa zaidi ilifuata pale Robert Ingersoll na nduguye Charles, wafanyabiashara wa New York, walipoagiza saa kutoka Waterbury Clock mwaka 1892. Hii ni kampuni tofauti na Waterbury Watch, ingawa majina hufanana na huwachanganya wanaoanza kukusanya. Mwaka 1896 ndugu hao walitoa saa iliyoitwa Yankee kwa dola 1, kiasi ambacho hakikuzidi ujira wa siku moja wa vibarua wengi. Biashara ya Ingersoll ilifilisika mwaka 1921 ikanunuliwa na Waterbury Clock mwaka uliofuata, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuja baadaye kuwa Timex.

Utambuzi wa saa hizi huanzia ndani. Kwa miongo mingi mtambo na kasha viliuzwa mbalimbali, mnunuzi akichagua kila kimoja dukani, hivyo namba iliyo kwenye kasha haitoi umri wa saa. Namba ya kutegemewa ni ile iliyochorwa kwenye mtambo wenyewe, kwani kwa kampuni kubwa kama Waltham na Elgin zipo orodha zinazolinganisha namba hizo na miaka. Vivyo hivyo, maandishi ya dhamana ya miaka 20 ndani ya kasha huhusu muda ambao tabaka la dhahabu lilitarajiwa kudumu kabla ya kulika. Hayasemi lolote kuhusu umri wa saa wala ubora wa mtambo.

Jambo la pili ni vito, yaani mawe magumu yanayopunguza msuguano. Saa ya kawaida ya bei nafuu ilikuwa na vito 7, vikiwa vimewekwa kwenye gurudumu la mizani na kwenye kizuizi kinachoachia nguvu ya kamani kidogo kidogo, ilhali saa za daraja la juu zilifikia 17, 21 au zaidi. Saa za dola moja kwa kawaida hazikuwa na vito, na kizuizi chake kilitumia pini za chuma. Mkusanyaji anapaswa pia kujihadhari na saa zenye picha ya treni usoni, kwani nyingi zilikuwa saa duni zilizoigiza zile zilizoidhinishwa kwa kazi ya reli.

Makasha mengi ya dhahabu yameyeyushwa na mitambo yake kuachwa bila makao, na saa nyingi za dola moja zilitupwa kwa sababu gharama ya kuzitengeneza ilizidi bei ya kununua mpya. Kwa hiyo mwenye saa hizo asibadilishe kasha kwa ajili ya urembo, aiache mahali pake karatasi ya dhamana iliyobandikwa nyuma, na aandike namba zote mbili, ya mtambo na ya kasha, pamoja na mahali saa ilipopatikana. Watu waliozinunua saa hizi hawakuacha kumbukumbu nyingi za maandishi, na kila saa inayohifadhiwa kama ilivyotumika huongeza kitu katika historia yao ambacho saa ya tajiri haiwezi kukitoa.