Karo Ililipwa, Keja Ikamshinda

Kila Septemba makomredi wakirudi chuo, mtandaoni kunajaa utani wa HELB. "Imeingia?" "Bado, nakula hewa." Tunacheka, maisha yanasonga. Lakini nilipokuwa mwaka wa pili, kuna rafiki yangu mmoja hakurudi. Karo yake haikuwa na shida, ilikuwa imelipwa. Shida ilikuwa keja. Alienda nyumbani likizo ndefu, hakuwa na doo ya kulipia chumba ambacho halali ndani, na aliporudi Juja alikuta msimamizi wa ploti ameweka kufuli lake juu ya kufuli lake yeye. Godoro, vitabu, jiko, vyote ndani. Akaahirisha masomo mwaka mzima kwa sababu ya rent ya miezi mitatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ilikuwaje serikali ikakubali kumsaidia mtu kusoma, halafu ikasahau kwamba huyo mtu lazima alale mahali? Nikaanza kusoma. Na wasee, kumbe haikuwa hivi kila wakati.

Mikopo ya masomo hapa Kenya ni ya kitambo kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka wa 1952 serikali ya mkoloni ilikuwa na hazina ya kukopesha Wakenya wachache waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Uhuru ulipokuja, mpango huo ukasimamishwa, na chuo kikuu kikalipiwa na serikali. Halafu 1974, idadi ya wanafunzi ikiwa imepanda, mkopo ukarudi kwa Wakenya waliokuwa wakisoma Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Mkopo huo ulikuwa wa karo na matumizi ya mwanafunzi mwenyewe.

Waulize wazee waliosoma miaka ile. Mtu alipata chumba hosteli, akala chakula cha chuo, na bado akapewa posho waliyoiita "boom". Kuna waliotuma sehemu ya boom nyumbani kusomesha wadogo zao! Sisemi ilikuwa paradiso, maana walioingia chuo walikuwa wachache sana. Ninachosema ni kwamba wakati huo kitanda kilihesabiwa kuwa sehemu ya elimu. Hakuna aliyekuambia utajijua.

Mambo yakabadilika miaka ya themanini ikiisha. Uchumi ulikuwa umebanwa, wakopeshaji wa kimataifa wanataka serikali ipunguze matumizi, na 1988 serikali ikapitisha sera ya kugawana gharama za elimu na wazazi. Kufikia 1991, wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma walikuwa wameanza kulipishwa karo moja kwa moja. Boom ikafa. HELB ikaundwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1995, kazi yake ikiwa kutoa mikopo na kufuatilia deni. Kisha 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua masomo ya wanaojilipia, na vingine vikafuata. Wanafunzi wakaongezeka haraka, hosteli hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Waliokosa nafasi wakamwagika Juja, Kahawa Wendani, Rongai. Mwanafunzi akawa mpangaji, na hakuna aliyekaa chini kupanga hilo.

Sasa, wapangaji nao wana historia yao. Tuna Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura ya 296, iliyoanza kutumika 1959, kabla ya uhuru. Inamlinda mpangaji wa kipato cha chini: mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi anavyojisikia au kukutupa nje bila jopo maalum kuamua. Poa sana, sivyo? Ngoja. Inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Na kwa nyumba iliyokuwa imepangishwa tarehe 1 Januari 1981, kodi halali ni ile iliyokuwa ikilipwa siku hiyo.

Elfu mbili mia tano. Nitafutie bedsita ya bei hiyo karibu na chuo, nihamie leo. Miswada ya kuleta sheria mpya iliandikwa 2007 na tena 2021, lakini ile 2,500 ikabaki vitabuni. Rafiki yangu alipofungiwa chumba cha 6,500, jopo hilo halikuwa lake. Bei ya chumba chake ndiyo ilimtoa kwenye ulinzi.

Tufanye hesabu. Mfumo mpya wa ufadhili wa 2023 ulitupanga kwa bendi, na mkopo wa matumizi ukawa kati ya 40,000 na 60,000 kwa mwaka. Chukua ile ya juu kabisa, ya wale wenye uhitaji zaidi. Ukigawanya kwa miezi 12 ni 5,000. Chumba cha 6,500 kinataka 78,000 kwa mwaka. Yaani hata ukikosa kula, kupanda matatu na kununua bando, bado una deni la 18,000.

Najua kuna mtu atasema landilodi naye ana mkopo wa sacco na si shirika la misaada. Kweli kabisa. Ndiyo maana simlaumu landilodi peke yake. Wengine watataja nyumba za bei nafuu, na hosteli ni sehemu ya mpango huo. Sawa, zijengwe. Wafanyakazi wanakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili yake. Lakini anayerudi chuo Septemba hii hawezi kulala kwenye msingi wa jengo.

Soma Katiba ya 2010, Kifungu cha 43. Haki ya nyumba na haki ya elimu ziko kwenye kifungu kimoja, mistari michache tu kati yao. Serikali imezitenganisha: karo iko na HELB, kodi iko na soko. Kuziunganisha hakuhitaji miujiza. Mkopo wa matumizi ukokotolewe kwa kodi halisi ya mahali chuo kilipo, na kile kiwango cha 2,500 kibadilishwe kilingane na maisha ya sasa. Wazazi wetu walisoma chini ya serikali iliyojua mwanafunzi hulala. Hatuombi kitu kigeni.

Rafiki yangu alirudi mwaka uliofuata. Godoro lake hakulipata. Wewe je, rent ishawahi kukutoa darasani, au karibu ikutoe? Niambie, nasoma zote.